Wadhamini Wawili

Mimi nikikasirika huongea, na nikianza kuongea sinyamazi mpaka nimalize, kwa hiyo nivumilieni. Mdogo wangu Obedi ni mwandishi wa redio hapa Mwanza. Alitangaza habari ya nyavu haramu: zile wanazonyang'anywa wavuvi wadogo zikachomwa mbele ya kamera, na zile za wakubwa ambazo zikikamatwa leo, kesho ziko ziwani tena. Akataja na majina. Wiki hiyohiyo wakaja kumchukua, wakasema ni uchochezi. Tangu hapo kila tukienda mahakamani tunaambiwa upelelezi haujakamilika, tunapangiwa tarehe nyingine, tunarudi zetu Igoma.

Safari ya mwisho hakimu akalegeza kidogo. Akasema dhamana iko wazi, ila Jumatatu waje wadhamini wawili, wakazi wa mtaa anaoishi mshtakiwa, wasiwe ndugu zake, na mjumbe wao awatambue. Wawili tu! Nilitoka pale nacheka peke yangu. Mtaa mzima unamjua Obedi. Ndiye aliyepiga kelele redioni mpaka bomba letu la maji likatengenezwa, na hakuna harusi wala kipaimara alichoitwa akakataa kuwa mshereheshaji. Nikajua kazi yangu itakuwa kuchagua tu.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Seremala Yeremia kitambulisho chake kilikuwa kimepotea, tena kimepotea asubuhi ileile. Mama Favour, muuza dagaa, akasema mume wake amesafiri na yeye hawezi kuamua peke yake, wakati sauti ya mume naisikia chumbani anakohoa. Mwingine alinihurumia mpaka machozi yakamtoka, halafu akaniomba nitokee mlango wa uani. Hata wateja wangu wa kushona wakaanza kupeleka vitambaa vyao kwa fundi wa barabara ya juu. Nikaenda kwa mjumbe wetu, Mzee Ngosha, ambaye Obedi alikuwa akimwita baba. Alinikaribisha vizuri, akanipa soda, akaniambia taratibu kwamba yeye ana wajukuu. Nikamwuliza wajukuu wanaingiaje hapa. Akasema, "Tereza mwanangu, wewe kunywa soda."

Aliyebaki na mimi ni Winnie, mwenzake Obedi pale redioni. Kila asubuhi alikuwa anaweka picha ya Obedi mtandaoni na maneno ya kudai aachiwe, na watu wa Dar na Nairobi walikuwa wanaisambaza kwelikweli. Nawashukuru sana. Lakini mtu wa Nairobi hawezi kumdhamini mtu wa Igoma, na Winnie mwenyewe anaishi upande mwingine wa mji. Akashauri tuitishe mkutano mtaani tuwaeleze watu. Ofisi ya mtaa wakatukatalia, hakuna kibali. Je, maombi ya nyumbani? Hayo wakashindwa kuyakataza. Basi tukapanga Jumamosi mchana tumwombee Obedi, watu tuwaalike asubuhi ileile wasipate muda wa kutafuta visingizio, na ikishasemwa amina ya mwisho mimi nisimame niombe watu wawili.

Ijumaa mawingu yakajaa juu ya ziwa, nikaogopa mvua. Nikaazima turubai la jumuiya na viti vyake, tukalifunga mbele ya nyumba kabla giza halijaingia.

Jamani, sijui nani alinituma. Nyumba ambayo mtu wake yuko mahabusu, halafu watu wanaamka wanakuta turubai limefungwa na viti vimepangwa mlangoni. Wewe ungefikiri nini?

Asubuhi, kabla sijamwalika mtu, wa kwanza kufika alikuwa Mama Favour, khanga kiunoni, mikono kichwani. Sikuelewa. Nikadhani ameamua kumdhamini Obedi na uamuzi wenyewe umemwuma. Nyuma yake Yeremia na gunia la mkaa begani. Wanawake wakapita moja kwa moja hadi jikoni kwangu, wakawasha moto, wakaanza kuchambua mchele waliokuja nao. Wanaume wakaketi nje, kofia zimewalalia magotini, hakuna anayeongea kwa sauti. Kisha mama mmoja akanikumbatia, akaniuliza mwili utatolewa lini.

Na mimi niliamini, kwa nini nidanganye? Nilidhani wenzangu wameambiwa jambo ambalo mimi sijaambiwa. Nikampigia Winnie. Kumbe Winnie alikuwa ndio kwanza anatoka gerezani kumpelekea Obedi chakula. Amemwona kwa macho yake, amekonda lakini bado anatania, ameulizia kama cherehani yangu inafanya kazi au bado inakula nyuzi. Nikaketi chini palepale nikalia kwa furaha. Waombolezaji wakanizunguka, wakaniambia jikaze, dada.

Nilipoinua uso nikaona watu wamejaa mpaka njiani. Wote niliowagongea milango walikuwa pale. Nikajiambia, Tereza, hawa wote wamekuja kwa mapenzi yao, na wewe unataka wawili tu. Nilikuwa nasimama kuwaeleza wakati bajaji iliposimama na mama yetu Dorotea akashuka, ameshikwa huku na huku. Habari zilikuwa zimefika kwetu Nansio, kisiwani Ukerewe, naye akapanda meli ya asubuhi kuja kumzika mwanawe.

Nilimkimbilia nikamwambia sikioni kwamba Obedi ni mzima, turubai ni la maombi. Akanizaba kofi. Halafu akanivuta kifuani akanishikilia. Akasema nimefanya uchuro, kumfungia mtoto mzima turubai la msiba, na Mungu apishe mbali. Alipotulia akaniuliza sasa hawa wote wanafanya nini hapa. Nikamweleza habari ya wadhamini. Nikauona uso wake ukichangamka. Akafunga khanga vizuri, akaenda kusimama katikati yao.

Akawashukuru kwa mkaa na mchele. Akawaambia Obedi hajafa, ameonwa leo. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akakikatisha katikati alipoona yuko peke yake. Mama akaendelea. Akasema Jumatatu anakwenda mahakamani kumtoa mwanawe, na anaomba watu wawili wa kufuatana naye.

Nilisikia wali unachemka jikoni. Yeremia akalitazama gunia lake la mkaa, akatazama pembeni. Mwisho akasimama Mzee Ngosha, kofia mkononi.

"Mama, utusamehe," alisema. "Tungejua yuko hai, tusingekuja."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniunguza. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni. Hapo mdomo wangu ukafunguka. Niliwasema mmoja mmoja, kitambulisho kilichopotea, mume aliyesafiri, wajukuu, soda. Niliwaambia jeneza la Obedi wangelibeba mabegani mpaka Nansio bila kuombwa, lakini kutia saini apate kutoka akiwa anatembea kwa miguu yake hawawezi. Wakaanza kuinuka, wanawake wanatafuta viatu vyao, kila mmoja ameinamisha kichwa.

Mama hakuwatazama. Alikwenda kwenye mkeka waliowatandikia wafiwa, akaketi, akajifunika khanga kichwani. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu Ukerewe mtu akishateremshwa kaburini.

Wanawake waliokuwa wamefika njiani wakasimama. Wakatazamana. Mama Favour akavua viatu tena, akarudi, akaketi karibu yake. Wengine wakamfuata, bega kwa bega, mpaka mkeka ukajaa, na wanaume nao wakarudi kwenye viti. Hilo waliliweza.

"Mwanangu yuko hai," mama alilia. "Obedi wangu yuko hai."

"Pole, mama," wakamwitikia wote. "Pole sana."