Vibuyu Viwili vya Bhoke

Haya nilisimuliwa na Bhoke mwenyewe mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, tukichambua maharagwe ya mbegu kwake Suna.

Korona ilimshika Bhoke, ikamwachia, lakini iliondoka na pua yake. Homa ilikwisha, kikohozi kikaisha, na bado moshi, vitunguu na nywele za mjukuu vilikuwa kitu kimoja kwake: hewa tupu. Kula kukawa kama kutafuna karatasi. Kisha ukaja woga. Asiyejinusa atajuaje kama ananuka? Akawa anaoga asubuhi, mchana na jioni, mpaka ngozi ikapauka. Kanisani aliketi mlangoni. Akamhamishia mumewe, Nyamhanga, chumba cha pili. Daktari alimwambia pua huenda ikarudi polepole, ila moyo nao umeugua, asikae peke yake. Akakaa peke yake.

Na huyu ndiye Bhoke ambaye maziwa yake ya kibuyu yalisifiwa kutoka Migori hadi Homa Bay. Kazi yenyewe ni hii: unachoma kijiti, unasugua kaa lake ndani ya kibuyu mpaka kinukie moshi, ndipo unamimina maziwa yagande. Pua ndiyo inayokuambia imetosha. Basi vibuyu vilining'inia ukutani, midomo chini.

Siku ya soko akaja rafiki yake Edith, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa huko Rangwe, akaketi bega kwa bega naye.

“Nyar Kuria,” akamwita kwa Kijaluo, yaani binti wa Wakuria, “Jumamosi wakwe wa binti yangu Liz wanakuja. Nimewaahidi maziwa yako.”

“Siwezi, Min Jeff,” Bhoke akajibu, naye akimwita Mama Jeff. “Na usinikaribie, sijui nanukaje.”

“Mimi nanuka omena tangu niolewe. Kwenye matatu naachiwa kiti kizima, nanyoosha miguu. Umewahi kusikia nimelia?”

Bhoke akacheka, mara ya kwanza tangu augue, akashusha vibuyu viwili.

Cha kwanza alikisugua huku wakipiga soga, mkono ukienda wenyewe. Alipofikia cha pili Edith alikuwa ameondoka na nyumba imenyamaza. Akanusa: hakuna kitu. Akaongeza kaa. Akanusa tena: hakuna. Akaongeza tena, na tena.

Jumamosi kule Rangwe kwa Edith, wageni wameshaketi, kikafunguliwa kile cha pili. Maziwa yakatoka ya kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. Bathsheba, mama yake bwana arusi, akapiga funda moja, akakohoa, akachungulia kikombe.

“Mama, ng'ombe wa maziwa haya aliungua?”

Edith akainamisha kichwa. Bhoke aliona mlango uko wazi, na nje njia ya kwenda stendi. Akasimama, lakini hakutoka.

“Pua yangu iliondoka na korona,” akasema. “Hicho nilikisia kwa woga, nikazidisha. Hiki kingine nilikisugua bila kuogopa. Liz, njoo unikopeshe pua.”

Liz akakizibua, akainamia mdomo wa kibuyu, akanusa.

“Hiki ndicho kile cha siku zote, mama.”

Kikamiminwa. Bathsheba akamaliza kikombe, akasogea kwenye kochi, akapigapiga nafasi kando yake.

“Kaa hapa. Yangu nayo ilipotea. Niliunguza sufuria mpaka jirani akaja na ndoo ya maji.”

“Ikarudi?”

“Ilianza na mafuta ya taa. Nilifurahi nusura niyanywe.”

Bhoke akaketi katikati ya Bathsheba na Edith, mabega yamebanana, akala samaki asiyemnusa mpaka ikabaki miiba. Akamwambia Edith kuwa tangu sasa kila siku ya soko apite kunusa vibuyu. Kusugua atasugua mwenyewe.

Jioni wageni walipokwenda, Edith alitandika kitanda cha wawili.

“Nikuwekee maji ya kuoga?”

“Nilioga asubuhi.”

“Basi utalala na omena.”

“Sogea huko.”

Edith akaanza kukoroma kabla ya kumaliza kucheka. Bhoke akamsikiliza kidogo, akavuta blanketi lao, akalala.