Majongoo wa Kilwa Dukani kwa Lau

Khatoon alikwenda kununua tangawizi tu. Ilikuwa mwaka 2009, mwishoni mwa Februari, theluji ya Markham, Kanada, imeshageuka tope la kijivu kando ya barabara, na duka la Wachina lililo karibu na kwao Unionville ndilo pekee lililouza tangawizi mbichi kwa bei ya kueleweka. Siku hiyo aliingilia mlango wa upande, akapita safu ya vyakula vikavu, na harufu ikamsimamisha. Moshi, chumvi, na kitu mfano wa ngozi iliyolowana. Hakuwa ameinusa harufu ile tangu alipoondoka Kilwa Kivinje akiwa binti wa miaka kumi na tisa.

Mbele yake palikuwa na mtungi mkubwa wa kioo, na ndani yake majongoo bahari, weusi, wagumu, wamekunjamana.

Baba yake alikuwa mnunuzi wa majongoo. Watu waliwaokota maji yakitoka, wakawatumbua, wakawachemsha kwenye mapipa na kuwakausha kwa moshi, kisha baba akawapakia magunia kwa magunia kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko Hong Kong. Kilwa hakuna aliyewala. Watoto wa shule walimcheka kwamba kwao wanauza minyoo, na kuna siku alimrarua mwenzake shati kwa ajili hiyo.

Akaisoma bei iliyobandikwa kwenye mtungi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya pachedi, mtandio wake wa Kihindi, akaisoma tena. Zaidi ya dola mia mbili kwa ratili moja.

"Unawajua hawa?" aliuliza mwenye duka, mzee mwembamba aliyevaa sweta la vifungo. Jina lake Lau. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na cha Khatoon hakikupishana nacho sana.

"Huyu ni jongoo wa mchangani," alisema Khatoon akielekeza kidole. "Kwetu wako hivi." Akapima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo.

Lau akacheka. "Labda wakiwa wabichi, kabla ya kukauka. Ukiwapata hao, mama, niletee mimi kwanza."

Akarudi nyumbani bila tangawizi.

Mwanawe Riyaz alikuwa mezani jikoni na kompyuta yake, anatafuta kazi. Alikuwa mhasibu wa kiwanda cha vipuri vya magari kilichopunguza watu tangu vuli. Kiswahili alikielewa chote, lakini tangu utotoni alimjibu mama yake kwa Kiingereza. Khatoon alipomsimulia habari ya mtungi, Riyaz aliifunika kompyuta polepole.

"Mama, Mjomba Madatali si bado yuko Kilwa?"

Madatali alikuwa binamu yake Khatoon. Wengine wote walipohama, yeye alibaki na duka lake la misumari na rangi. Walimpigia siku ileile.

"Bara ni marufuku siku hizi, Dada Khatoon," alisema Madatali. "Serikali imezuia kuwavua. Ila watu wanawavusha visiwani, huko wanapata karatasi, mambo yanakwenda."

"Basi tutumie sampuli, Mjomba," Riyaz alidakia.

Khatoon angeweza kuzuia palepale. Hakuzuia. Alikuwa na furaha ambayo hakutaka kuiachia mapema. Miaka yote hapa Kanada alikuwa akieleza Kilwa iko wapi, na watu wakitikisa vichwa kwa adabu tu. Sasa kumbe kitu cha pwani yake kiliheshimiwa kiasi cha kuwekwa ndani ya kioo.

Kifurushi kilifika Aprili. Riyaz alitandika gazeti mezani, akakata kamba, akamimina. Majongoo wakasambaa kama kokoto. Mkubwa wao hakuzidi kidole gumba.

"Mbona watoto?" alisema Khatoon.

"Wamekauka, Mama. Kila kitu kikikauka kinapungua."

"Nimezaliwa kwenye majongoo, Riyaz. Hawa ni watoto."

Hata hivyo walimpelekea Lau. Mzee aliwachagua kwa vidole, akawapima, akataja bei ndogo, lakini akasema atawachukua, na wengine wote watakaokuja. Mikahawa inawakatakata kwenye supu, alisema, hakuna anayeangalia ukubwa. Riyaz alimshika mkono kwa nguvu. Khatoon yeye aliuliza wale wakubwa wa kwenye mtungi walitoka wapi.

"Australia. Na hawa wa chini ni wa hapahapa kwetu, British Columbia. Kule wanawahesabu kwanza. Wanaambiwa mwaka huu mtoe kiasi hiki, basi. Kikifika, hata ukiwaona wamelala chini, unawaacha."

"Na watu hawaibi?"

"Wanaiba," Lau alisema. "Lakini wengi wanabaki."

Nyumbani Khatoon alimpigia Madatali peke yake, mlango wa chumba ameufunga.

"Hawa ulionitumia wametoka wapi?"

Madatali alikohoa. "Maji mafupi hawapo tena. Vijana wanazama mbali, na mitungi ya hewa. Unamkumbuka fundi cherehani jirani yetu? Mjukuu wake, Salman, ndiye aliyewatoa. Safari iliyofuata alipanda juu haraka mno, Dada, hewa ya mtungi ikamdhuru mwilini. Miguu haisikii mpaka leo."

Khatoon aliagana naye, akafungua mlango. Alipotoka alimkuta Riyaz anapiga hesabu ya mzigo wa pili.

"Hakuna mzigo wa pili," alisema.

"Tukiacha sisi, mwingine atanunua. Unajua hilo."

"Anunue. Ila asipitie jikoni kwangu."

Riyaz alitoka nje bila koti. Hawakusemezana vizuri mpaka alipopata kazi Scarborough mwezi Juni. Lakini si Riyaz aliyemuumiza zaidi. Madatali, alipoambiwa, aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Na hapa watu wale nini, Dada? Wewe uko Kanada." Khatoon alianza kutuma pesa kidogo kwa ajili ya matibabu ya Salman, na kila akipiga simu aliulizia miguu yake. Mwaka wa pili aliambiwa kijana anatembea kwa magongo.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka 2015 Madatali alipiga mwenyewe. Alikuwa kisiwani kwa binti yake.

"Kina mama wa hapa wamezungushia nyavu maji mafupi," alisema, "wanafuga majongoo kama watu wanavyofuga kuku! Wanaletewa wadogo, wanawakuza, na wana kibali halali. Yupo mnunuzi anawazungukia, anataka kuwachukua kwa bei ya kutupa. Huyo mzee wako wa Kichina bado yupo?"

Lau alikuwa amezeeka, lakini bado aliketi dukani. Riyaz aliandamana na mama yake, akauliza ukubwa unaotakiwa, namna ya kukausha, bei ya kila daraja. Lau alieleza yote pasipo kuficha, na akasema atanunua mzigo mzima wakifikia urefu wa kiganja. Khatoon aliyarudia maneno hayo kwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama hao kupitia simu ya Madatali, moja baada ya jingine. Mwanamke yule alisikiliza, akauliza mara mbili ile bei ya daraja la kwanza, akashukuru.

Msimu wa kwanza mvua kubwa ilimwaga baharini maji ya mto yasiyo na chumvi, majongoo wengi wakafa. Kina mama wakaanza upya. Msimu wa pili walivuna.

Riyaz ndiye aliyepata habari. Aliingia jikoni uso umemvimba.

"Wamewauza Hong Kong! Yule mnunuzi walimtajia bei ya Lau, akakimbia. Akaja mwingine, wakamtajia hiyohiyo, akaongeza juu. Mama, wametuzunguka!"

Khatoon alikunja uso. Kusema kweli ilimchoma kidogo, kwani alishamwahidi Lau, mzee wa watu, mzigo huo. Kisha akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akashika ukingo wa sinki.

"Hawajatuzunguka, baba. Wamejua bei."

Jumamosi alikwenda mwenyewe kumwomba Lau radhi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama anayesifu.

"Hong Kong," alisema. "Mimi pia ningeuza Hong Kong."

Akavuta kiti cha pili, akamimina chai.