Zamu ya Bi Mkasi

Ukitaka gauni la kukukaa mwilini kama umezaliwa nalo, watu walikuelekeza kwa Bi Mkasi. Jina hilo alibandikwa na wateja, maana mkasi haukumtoka mkononi. Akisalimia, alisalimia nao, akikasirika, alikunyooshea. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Alikuwa mjane wa makamo, watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa, na hakuna mteja aliyewahi kumwona akifumua kazi yake mwenyewe.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, wa mwisho kuzaliwa, ambaye nyumbani walimwita Kitinda na jina likamganda mpaka utu uzima. Kitinda alijifunza kushona mikononi mwa dada yake, na tuseme kweli, hakuwa mwanafunzi wa kujivunia. Mshono wake ulikwenda kombo kama njia ya mbuzi. Siku moja alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Bi Mkasi aliitupa ile blauzi kizingitini mbele ya wateja, akasema, "Mikono yako wewe imeumbiwa kijiko tu." Wateja walicheka mbavu hawana. Kitinda naye alicheka, akaiokota blauzi, akakaa pembeni kufumua.

Sasa basi, huyo Kitinda wa njia ya mbuzi ndiye aliyegeuka mwalimu.

Bi Mkasi alisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mteja wake, nesi mmoja mchangamfu aliyekuja kupima koti. "Fundi," nesi alisema huku amenyanyua mikono apimwe kiuno, "unaweza kunikatia kola kama ile ya Mwalimu?"

"Mwalimu gani?"

"He! Kumbe humjui? Yule anayefundisha kushona mtandaoni. Nusu ya wodi yetu wamejiunga. Anafundisha huyo, hata kichwa kigumu kama mimi nimeelewa." Akachomoa simu, akamwonyesha. Ndani ya kioo cha simu, Kitinda alikuwa amekaa kwenye mwanga mzuri, ushanga shingoni, anatabasamu.

"Kitambaa ni kama mtoto," Kitinda alikuwa akisema. "Kikilia, usikivute. Kisikilize kinataka nini."

Bi Mkasi aliachia utepe wa kupimia. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema miaka nenda rudi akiwa kwenye meza ile ile aliyoiegemea, na hakuna nesi wala daktari aliyewahi kuyaita mafundisho.

"Mimi nilifundishwa hivyo nyumbani," Kitinda akaongeza, akaendelea na kola.

Nyumbani. Kana kwamba nyumbani ni mtu! Bi Mkasi aliandika kipimo cha kiuno cha nesi akakosea, akafuta, akaandika tena.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alimwomba binti wa duka la simu jirani amfungulie akaunti, akachagua picha ya ua na kujiita Ua Jekundu, akajiunga na darasa la mdogo wake kama mgeni asiyejulikana kwao. Alitazama somo baada ya somo, chai ikimpoa mkononi. Alitafuta makosa kama mtu anayetafuta chawa. Na alipoyapata hakulaza damu. Aliandika mbele ya darasa zima: "Mwalimu, hiyo kola umeikata kinyume cha uzi. Ikifuliwa mara moja itakunjamana. Kitambaa kinalia hapo, hukisikii?"

Alingoja Kitinda aumbuke. Badala yake likaja jibu: "Ahsante sana Ua Jekundu. Una jicho kali, Mungu akutunzie. Nitarekodi upya." Na kweli alirekodi upya. Wanafunzi wakammiminia Kitinda sifa kwa unyenyekevu wake, wakaweka na vimoyo vyekundu. Bi Mkasi alitupa simu kitandani. Alikwenda kumchoma, kumbe amempaka mafuta!

Mambo yakaenda hivyo, Ua Jekundu akichoma na Mwalimu akishukuru, mpaka siku Kitinda alipoingia dukani mwenyewe, skafu imezungushwa shingoni. Hakutoa salamu. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akaonyesha koo lake, kisha akaandika kwenye simu na kumgeuzia dada yake asome.

"Shikamoo dada. Sauti imekatika. Daktari amenikataza kusema, hata kunong'ona. Kesho asubuhi nina darasa la mubashara, somo la kupachika mikono. Nakuomba unishikie."

"Mimi?" Bi Mkasi alicheka kicheko kikavu. "Mimi na mambo yenu ya simu wapi na wapi?"

Kitinda akaandika tena. "Dada, wewe ndiye Ua Jekundu."

"Ua gani tena?"

"Hakuna mtu mwingine duniani anayesema kitambaa kinalia."

Bi Mkasi alijifanya anatafuta chaki mezani, na chaki ilikuwa mkononi mwake. Aliona haya, kisha haya ikageuka hasira, na chini ya hasira kikachomoza kitu kitamu. Wacha wanione, alijiambia. Kesho watajua nani fundi na nani mwanagenzi. Mgema akisifiwa sana hulitia tembo maji; mimi nitawaonjesha lenyewe.

"Haya," alisema. "Kwa kuwa unaumwa."

Asubuhi alifika kwa Kitinda amevaa gauni lake la shughuli. Alidhani ataona ofisi. Aliona chumba cha kulala, kitanda kimesukumwa ukutani, blanketi zito limetundikwa dirishani kuzuia kelele za barabarani. Simu ilikuwa imefungwa kwa utepe juu ya mti wa taa, jicho lake likitazama meza. Kitinda alimkalisha, akamwekea maji, kisha yeye mwenyewe akaketi pembeni asikoonekana, simu ya pili mkononi na kompyuta magotini.

Wanafunzi wakaanza kuingia, nyuso ndogo ndogo ndani ya vyumba vidogo vidogo.

"Mimi ni fundi," Bi Mkasi alianza. "Leo mtaona jinsi mkono unavyopachikwa." Akainama akashika kazi.

Na kazi aliishika kweli kweli. Vidole vyake vilikusanya kitambaa begani bila kukunja hata uzi mmoja. Tatizo ni kwamba aliifanya kama anavyoifanya dukani, ameipa dunia kisogo.

"Fundi, hatuoni, kichwa kimeziba!"

Akarudi nyuma. Mara jogoo wa mtu akawika, mtoto wa mwingine akalia, na televisheni ya wa tatu ikatangaza mpira. "Nani huyo na redio?" Bi Mkasi alifoka. Pembeni, Kitinda alikuwa anabonyeza upesi upesi, na kelele zikazimika moja baada ya nyingine. Mwanafunzi mmoja akasema picha imeganda. Mwingine akauliza pini ni za nini, jambo lililofundishwa siku ya kwanza kabisa. Wawili wakaanza kurushiana maneno kwa maandishi, kwamba mmoja ameiba mchoro wa mwenzake akauweka kwenye ukurasa wake. Bi Mkasi hakujua hata wapi pa kutazama. Aliongea na meza, akaongea na taa, jasho likamchirizika kwenye lile gauni la shughuli.

Na kila alipogeuka, alimwona Kitinda. Alikuwa anawaandikia waliokwama, akimtumia somo la zamani yule wa pini, akiwatenganisha wale wagomvi na kuandikiana na kila mmoja faragha. Huyu alimtania, yule alimkanya. Alimtumia pole mwanafunzi aliyefiwa juzi. Mwanamke bubu kwa amri ya daktari, na bado nusu ya darasa ilikuwa inasemeshwa naye.

Bi Mkasi aliona yote hayo, na wivu haukupungua, uliongezeka. Kushona alikuwa akijua yeye. Haya mengine yote Kitinda aliyatoa wapi?

Wakafika kuonyesha kazi. Mwanafunzi aliyejiita Mama Pacha alinyanyua blauzi yake mbele ya kamera, uso umemwiva kwa furaha na woga.

"Mkono huo umeuvisha nyuma mbele," Bi Mkasi alisema. "Siku zote hizi ulikuwa unafundishwa nini? Kama huwezi, acha. Cherehani haimlazimishi mtu."

Mama Pacha aliishusha blauzi. Chumba chake kikawa cheusi, kikatoweka. Mmoja akasema ana mgonjwa, mwingine akasema umeme unasumbua, wakaondoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka msibani. Kitinda akalifunga darasa kwa ujumbe wa shukrani.

Kisha akapiga simu ya video, akampa dada yake.

"Unampigia nani?" Bi Mkasi aliuliza. Aliliona jina. "Nimwambie nini mimi?"

Kitinda akagusa sikio lake: sikiliza. Akamwachia chumba, akatoka kwenda kuchemsha maji.

"Ningejua ni wewe nisingepokea," Mama Pacha alisema, sauti imejaa machozi. Nyuma yake watoto wawili walikuwa wanagombea kitu.

Bi Mkasi alikaa kitandani. Akasikiliza. Mama Pacha alisema anashona wanawe wakilala, na hawalali. Wifi yake hupita mlangoni na kumcheka kwamba anachezea simu na kuita masomo. Blauzi ile ndiyo nguo ya kwanza aliyoifikisha kwenye mikono.

"Wifi yako anajua kushona?" Bi Mkasi aliuliza.

"Hajui hata kutunga uzi kwenye sindano."

"Sasa anacheka nini?"

Mama Pacha akacheka, kicheko cha kamasi. Bi Mkasi akajikuta anacheka naye.

"Chukua wembe," alisema. "Fumua polepole. Mimi nipo."

Kufumua kulichukua asubuhi yote iliyobaki. Pacha mmoja alikalia kitambaa, wa pili akamwaga pini, zikaokotwa. Bi Mkasi alichoka, akapiga miayo, mara mbili ulimi ulimwasha kusema neno akaumeza. Hakuwahi maishani mwake kumngoja mtu afumue. Dukani alinyang'anya, akafanya mwenyewe, akatupia. Mwishowe Mama Pacha akageuza kamera. Mkono ulikuwa begani pake, umekaza kidogo kwapani.

"Umekaza kwapani," Bi Mkasi alisema. Akavuta pumzi. "Lakini ni mkono, na umekaa upande wake."

"Ahsante fundi. Mungu akuzidishie." Mama Pacha alikuwa analia tena, safari hii vizuri. "Nakuomba kitu kimoja. Mwalimu akipata sauti, mwambie nimemaliza. Nataka yeye ndiye aone kwanza."

Bi Mkasi alikata simu, akaitazama. Asubuhi nzima! Mgongo unamuuma, chai hajanywa, na shukrani ya kweli imewekewa mwenzake kama mboga iliyofunikwa kawa. Kitinda akaingia na vikombe viwili, macho yanauliza. Angeweza kusema amemaliza, basi. Nani angejua?

"Amemaliza," alisema, na maneno yalimtoka kama jino linalong'olewa. "Anataka wewe uone kwanza."

Kitinda aliweka vikombe chini, akafunika uso kwa viganja.

Wiki ile ilipita. Kitinda alirudi dukani na sauti ya mkwaruzo, akaomba dada yake wafundishe pamoja. Yeye ataongea na watu, Bi Mkasi ataonyesha kazi, kamera itazame mikono yake.

"Kwa sharti moja," Bi Mkasi alisema, mkasi amemnyooshea. "Useme ni mimi niliyekufundisha. Usiseme nyumbani. Nyumbani hakuna cherehani inayojishonea yenyewe."

Kitinda alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Dada, mimi nilidhani utaona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Watu wakijua mimi ni mwanafunzi wako. Kwa jinsi ulivyokuwa ukinisema hapa mbele ya watu." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Ndiyo maana sikukutaja. Nilikuwa nakulindia jina."

Bi Mkasi aliuweka mkasi mezani, akavuta kiti, akakipangusa vumbi. "Kaa," alisema. "Unasimama kama mteja."

Darasa lililofuata Kitinda alianza kwa kulitaja jina la dada yake lote, la kwake na la baba yao, akasema, "Huyu ndiye aliyenishikisha sindano. Mkali, lakini mtamwelewa." Wanafunzi wakaandika salamu, vimoyo vikapanda kwenye kioo kama mapovu. Mama Pacha alikuwemo, amevaa ile blauzi. Bi Mkasi aliinama juu ya kitambaa, mikono yake peke yake ikionekana, akasikia joto la fahari kifuani.

Kisha mwanafunzi mmoja akasema, "Nina swali kwa mwalimu."

Bi Mkasi akanyanyua kichwa. Swali lilikuwa la Kitinda. Lilimchoma, angefanyaje, akachukua pini nyingine, akaendelea kushikiza mkono begani.