Ndege ya Nzige Ina Kiti Kimoja

...wala kisingeota kingine pembeni yake kama uyoga, kiti ni kimoja, kimoja tu, Modesti alikijua kama alivyokijua kigoda cha mama yake jikoni, ngozi nyeusi iliyochanika upande wa mlango na nyuma yake tangi la dawa, hapana nafasi hata ya kumkalisha kuku, na juu ya ngazi Mwenyekiti wa kijiji alikuwa bado amesimama kifua mbele, mkono mmoja juu ya bawa, akingoja kupigwa picha, na chini ya ngazi Silvana, na nyuma ya Silvana yeye, Modesti, Rubani, ndivyo kijiji kizima kilivyomwita, Rubani, hata watoto wa shule, shikamoo Rubani, hata padri alipomkosa misani huuliza Rubani ametua wapi leo, na Rubani huyo jasho lilimtoka kwapani katika upepo wa Julai wa Ufipa ambao hupasua midomo, maana Mwenyekiti akipigwa picha atashuka, akishuka atapanda Silvana, na Silvana si mtu wa kuchungulia akapita, Silvana huhesabu, huhesabu vifaranga jioni, huhesabu matuta ya shamba la kijiji asije akalimishwa ya mwenzake, atahesabu na viti, moja, na baada ya moja hakuna mbili, halafu atageuka pale juu amtazame... "Usitikisike, Ndugu Mwenyekiti," alisema Huseni mpiga picha, kichwa ndani ya kitambaa chake cheusi, na upepo ukakifunua kitambaa ukamwacha kichwa wazi, watu wakacheka, Huseni akaanza upya kukifunga kwa kamba, polepole, Mungu ambariki kwa upole wake, na akawie mpaka Saba Saba ijayo... na nani alimwita Modesti kuja hapa, si mdomo wake mwenyewe, balozi wa nyumba kumi alipotangaza kwamba mwaka huu mkoa utaonyesha ndege za zamani uwanjani Sumbawanga, za wakati wa mkoloni, wananchi waone tulikotoka, kila jicho pale mkutanoni lilimgeukia yeye, naye akasimama, akavuta koti, akasema mimi nitawaongoza, zile ni ndege zangu, na usiku wake akajipoza kwamba itakuwa ile kubwa ya barua, ile yenye madirisha mengi kama treni, mtu anaweza kusema alikaa dirisha lolote, na ndani ya lori njia nzima alisimama nyuma ya kichwa cha gari akipiga kelele juu ya injini, mkiniona nimeshika usukani msikimbie, nitazunguka mara moja tu Ufipa nzima nirudi mle chakula bado cha moto, na lori zima likacheka, na ile kubwa ipo kweli, iko pale karibu na geti, watoto wamening'inia kama popo, lakini Silvana aliipita hivi, hakuigeuzia hata shingo, alikwenda moja kwa moja nyuma yake palipokuwa na kandege kadogo kanakojionea aibu kenyewe, rangi imebabuka, na chini ya bawa, mvua za miaka yote hiyo hazijaiosha, ile manjano, ile manjano ya dawa, na Modesti aliponyanyua macho akaiona aliisikia tena kooni, chungu, kama jana... bonde la Rukwa, mwaka wa hamsini na nne, chini kule kwenye joto, nzige wekundu wamelala juu ya nyasi mpaka nyasi zimeinama, na yeye na Felisiani vijana wawili wa kijiji kimoja, walioteremka ukingo wa bonde kwa miguu kutwa nzima kutafuta kazi kwa watu wa nzige, wakapewa kila mmoja mti mrefu na bendera nyeupe, kazi nyepesi kuliko zote duniani, mmoja asimame mwanzo wa mbuga, mwenziwe mwisho wa mbuga, ndege iruke kutoka bendera hii mpaka bendera ile ikinyunyiza, ikishapita, mnahesabu hatua arobaini kuelekea upande mmoja, mnainua bendera tena, basi, na sheria ni moja, asihame mtu mpaka amwone mwenzake ameanza kuhama, mkihama ovyo ndege itapinda na dawa itaruka mahali, na Felisiani aliishika sheria ile kama alivyoishika rozari, Felisiani ambaye hata nyuki akimtua puani wakati wa sala hampangusi... "Rubani!" Dominika, jirani yake, aliyekuwa nyuma yake katika foleni, alimchoma kiwiko mgongoni, "mbona umenyamaza, au mke wako huyu amekusahau?" akiionyesha ndege kwa kidevu, na mdomo wa Modesti ukajibu wenyewe, mdomo ambao haujawahi kumngoja mwenyewe, "anakuonea wivu wewe, ameniuliza huyu mnene nyuma yako nitambeba kwa bawa lipi," na foleni ikaangua kicheko, na Dominika akapiga makofi, aa, huyu mwanamume jamani, na ndani ya kicheko chao Modesti aliona mgongo wa Silvana haukucheka, kitenge chake kimekazwa begani, mgongo ule ule uliotangulia jeneza la Felisiani, mumewe... kwa sababu siku ile ya bendera, kando ya mbuga, upande wake yeye, wavuvi walikuwa wamepumzika na kambale wa kuchoma, na jana yake alikuwa amewaachia hadithi katikati, ile ya fisi aliyekwenda kuungama, wakamwita, ee Mfipa, malizia fisi wetu, naye akaangalia bendera, akaangalia kambale, kulikuwa na kichuguu pale, akauchomeka mti wa bendera juu ya kichuguu, ukasimama vizuri kuliko hata yeye alivyousimamisha, akasema dakika mbili tu, dakika mbili, akaenda, na ndege ikapita, akasikia, akaendelea kusimulia, ikageuka ikapita tena, fisi akapiga goti mbele ya padri, ikapita tena, wavuvi wakashika mbavu, mara ya nne, mara ya tano, na mbali kule mwisho wa mbuga, mdogo kama kidole, mtu mmoja ameshika bendera yake akiitazama bendera ya pili ihame, haihami, basi na yeye hahami, na ndege inafuata bendera, inaachia mvua yake ya manjano juu ya mstari ule ule, juu ya kichwa kile kile, mara tano, ndipo tangi likakauka... na Felisiani alirudi akicheka! hilo ndilo, kama angerudi akitukana, angerudi na rungu, lakini alikuja nyusi zake manjano, meno manjano, akasema, "Wewe Modesti, bendera yako leo imeota mizizi?" akaomba maji, akanywa, akaomba tena, na jioni mwili wake ukawa jiko, huwezi kuugusa, jasho linatoka na kulowesha mkeka nalo ni la manjano, siku ya pili wakambeba kwenye machela kuja juu kwao kwenye baridi, labda baridi itamsaidia, Modesti kashika machela upande wa kichwani, siku ya tatu akafia mikononi mwa Silvana, na Silvana tumboni ana mtoto wa miezi mitano... na matangani wazee wakauliza, wewe uliyekuwa naye, ilikuwaje, bendera ya upande wa pili alishika nani, na hapo ndipo mdomo ulipomtangulia, mdomo huu, akausikia ukisema mimi sikuwa chini, wazee wangu, siku ile mzungu alinipandisha ndegeni nikamwonyeshe nzige walipolala, nilikuwa juu, niliona kwa macho yangu nikashindwa kushuka, na wazee wakasema alaa, na macho yao yakabadilika, yakawa na heshima, na mmoja akauliza sasa bendera alishika nani, akajibu Eustaki, Eustaki wa Kaoze, mwenzetu wa bendera, kwa nini Eustaki, kwa sababu Eustaki alikuwa ameacha kazi wiki ile ile na kuvuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, na waendao huko huenda moja kwa moja, na kweli hakurudi, mpaka leo, hata barua... njia ya mwongo ni fupi, husema watu, yake imekwenda miaka ishirini na miwili na inazidi kupanuka, maana uongo ule ulianza kama blanketi la kujifunikia ukageuka kanzu ya sikukuu, watu walitaka kusikia, Rubani, tuambie mawingu yakoje, akawaambia ni kama sufi ila yana ubaridi, akawaambia aliona Rukwa upande huu na Tanganyika upande ule, maziwa mawili kama macho ya paka, kila mavuno aliongeza kitu, mwaka huu alishika usukani, mwaka ujao mzungu alisinzia, na pombe ya ulezi haikukosa kumfikia mkononi kabla ya mwingine yeyote... na ingeishia hapo, ingekuwa hadithi tu, hadithi haina meno, ila mwezi wa nne mwaka huu alikuja dereva wa trekta la kijiji, kijana asiyelewa, na mshenga wake, kumposa Kristiana, yule mtoto aliyekuwa tumboni, na Modesti ndiye aliyekalishwa kwenye kiti cha baba wa binti, mahali pa marehemu, akakaa, akakunja miguu, na Silvana akauliza swali moja, kijana wewe ni mtoto wa nani, akajibu kwa adabu, mimi ni mtoto wa Eustaki wa Kaoze, na Silvana akasimama akaichukua mbeleko waliyomletea ya posa akaiweka nje ya kizingiti, akasema damu iliyomwacha mume wangu achomwe na dawa kama nzige haitazaa wajukuu humu ndani, na Kristiana akatazama mahali pa baba, wakamtazama wote, neno moja tu lingetosha, naye Modesti, Modesti mwenye maneno ya kujaza lori, akasema mama mtu ameshasema... na tangu siku ile Kristiana hali chakula na mama yake, na trekta likipita mbele ya nyumba hupunguza mwendo halafu huongeza... "Shemeji," alisema Silvana, bila kugeuka. "Naam, shemeji." "Ukipanda utanionyesha ulipokaa?" "Nitakuonyesha, kwani kuna kitu," na huko ndani uongo ulikuwa tayari umejipanga kama watoto darasani, vidole juu, mimi mwalimu, mimi, kiti cha pili kiling'olewa mzungu alipoondoka, mimi mwalimu, alikaa juu ya tangi, mimi, alisimama juu ya bawa amefungwa kwa kamba, na wote ni wazuri, kila mmoja ungepita, huo wa bawa ungeshangiliwa, aliuona ukisimuliwa hata atakapokufa, na alijua kwamba ataweza, hakuna wa kumzuia, Kristiana atazeekea jikoni na yeye ataweza... "Maana kuna kitu sikuwahi kukuuliza," Silvana aliendelea, sauti ya chini, akiiangalia ngazi, "siku ya tatu ile, alfajiri, maji hayapiti tena, alikuwa anasema neno moja tu, mwambieni ahame, mwambieni Modesti ahame, mpaka akakatika. Nikasema ni homa, maana wewe ulikuwa juu. Si ulikuwa juu, shemeji?" ... na upepo ukapita chini ya bawa ukafanya bati likorome, na Dominika nyuma alikuwa anamwambia mtu habari za bei ya sukari, na Modesti akatafuta uso wa Silvana asiupate, mgongo tu, kitenge tu, anajua, hajui, anajua, amejua toka lini, amejua tangu kijana ataje jina la baba yake na mimi nikanyamaza, au hajui na atajua sasa hivi, baada ya picha moja, na miguu yake ikaanza, aliihisi miguu, ina akili yake kama mdomo, upande wa kulia kuna uwazi kati ya foleni na kamba, baada ya kamba vibanda vya chai, baada ya vibanda barabara ya mjini, kuna lori la Kasanga huondoka mchana, mtu akifika Kasanga kuna meli, mtu akipata meli... na mdomo ukafunguka kusaidiana na miguu, tayari maneno yapo ulimini, yamelainika kwa kutumika, shemeji nishikie nafasi yangu, naenda hapo nyuma mara moja, dakika mbili tu...

dakika mbili tu.

Aliyasikia kabla hayajatoka, sauti ile ile, na harufu ya kambale juu ya moto, na mti ukiingia kwenye kichuguu, hivi, kirahisi, na mbali kule mtu mdogo kama kidole ananyanyua uso kuitazama bendera... "Hapo hapo, Ndugu Mwenyekiti," alisema Huseni ndani ya kitambaa chake, "bado kidogo, usisogee, ukisogea tunaanza tena," na Mwenyekiti akavuta pumzi akavimba juu ya ngazi, na picha ilikuwa bado haijapigwa, na foleni haikuwa imesonga hata unyayo. "Ulitaka kusema kitu, shemeji?" aliuliza Silvana, na sasa aligeuka, na uso wake haukumwambia Modesti lolote, uso wa mtu anayehesabu. Modesti akatafuta vile vidole vilivyokuwa vimeinuliwa, kile cha tangi, kile cha bawa, darasa lilikuwa tupu, madawati tu, na akaonja manjano. "Hapana," alisema, "nipo." Akaisogeza miguu yake ikakaa sawa, mmoja karibu na mwenziwe, kama walivyofundishwa zamani kusimama na bendera. "Panda wewe kwanza, shemeji, uangalie vizuri. Ukishuka utanikuta hapa hapa." Na Dominika akamsukuma kiunoni, "we Rubani, ukiwekwa mbele ya ndege unakuwa bubu?" naye alisimama, macho juu ya ngazi, akingoja upande wa pili uhame.