Mstari wa Upande wa Kulia

Kwa miaka tisa baba mkwe wangu hakuwahi kukanyaga dukani kwangu. Nyumbani kwake alinikaribisha vizuri, kiti nilipewa, chakula nililetewa, lakini akiwaeleza wageni mimi ni nani alisema "yule wa makaratasi," utadhani binti yake aliolewa na bahasha. Mimi ni fundi wa stika. Nabandika majina ya maduka kwenye vioo, namba kwenye milango ya ofisi, mistari kwenye magari. Si makaratasi. Nilishaeleza hilo mpaka nikachoka, na nasema wazi kwamba liliniuma.

Kwa hiyo Jumanne ile, nilipoona gari lake likiingia uani kwangu taratibu kama mgonjwa anayetoka hospitali, nilifunga kifungo cha juu cha shati na kusahau nilichokuwa nakata.

Gari lile lilinizidi umri. Lilikuwa la rangi ya maziwa, bampa za chuma zinazong'aa, usukani mkubwa kama ungo. Kila ubavu ulikuwa na mstari mmoja mpana wa buluu uliotoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma, na mistari yote miwili ilikuwa imekauka, imepasuka, inabanduka kama maganda ya kitunguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jumapili kuna maonyesho ya magari ya zamani, uwanja wa shule. Mama yenu ameliandikisha. Hakuniuliza." Alinipa ufunguo kwa mikono miwili. "Nataka stika mpya. Rangi ile ile, upana ule ule, na kila kitu kikae pale pale kilipokuwa. Umenisikia? Pale pale."

"Nimesikia, baba."

Ni lazima nieleze kwamba huyu mzee ni mpima ardhi mstaafu. Sebuleni kwake mtu anaweza kuwa anasimulia msiba wake, naye akanyanyuka katikati ya habari kwenda kunyoosha picha ukutani. Mkewe, ambaye anashona sare za shule, amezoea na haachi kushona.

Upande wa kushoto wa gari ulikuwa raha tupu. Mstari ulikuwa wa kiwandani, umetulia. Niliweka karatasi ya kunakilia, nikachora ukingo wake wote, nikapima kutoka kwenye kitasa na kutoka kwenye gurudumu. Kisha nikazunguka kulia, na nikasimama.

Mstari wa kulia ulianza vizuri kwenye taa. Ulipofika mlango wa mbele ukaanza kuteremka, bila haraka, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Kwenye mlango wa nyuma ulijikaza ukapanda kidogo, ukakata tamaa, na kufika gurudumu la nyuma ukiwa umeshuka vidole vitatu.

Siwezi kuvumilia kitu kilichopinda. Mke wangu hatundiki hata kalenda nikiwa nyumbani. Nilijiuliza mpima ardhi aliwezaje kuendesha kitu kama kile, na jibu nililopata ni kwamba macho yake yamezeeka. Hapo nikaona bahati yangu. Ningemrudishia gari lililonyooka kuliko alivyolileta, na siku hiyo "yule wa makaratasi" angezikwa.

"Baba alisema pale pale," mke wangu aliniambia jioni.

"Baba haoni vizuri."

"Baba anaona sisimizi ukutani."

"Mke wangu, hii ni kazi yangu."

Aliendelea kukunja nguo. Ndivyo anavyofanya akiamua kumwacha mtu ajifunze mwenyewe.

Hata sikuuchora ule mstari wa kulia. Niligeuza mchoro wa kushoto, nikaukata vilevile. Nikapasha stika ya zamani kwa drai ya nywele ya mke wangu mpaka gundi ikalegea, nikaibandua, nikaitupa, halafu nikapiga polishi mpaka alama yake chini ikapotea kabisa. Ijumaa mchana nilikuwa nimemaliza, na nilizunguka gari lile mara saba nikijisifu kwa sauti.

Baba mkwe alikuja saa tisa. Alitazama upande wa kushoto, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mkono wako ni mzuri," alisema. Miaka tisa nilikuwa nikiyasubiri maneno hayo, na niliyafaidi kwa muda wa hatua nne, maana ndizo alizopiga kufika upande wa pili.

Aliufuata mstari kwa macho hadi nyuma. Akatafuta kopo la rangi, akalikalia.

"Nani alikwambia uunyooshe?"

"Ulikuwa umepinda, baba."

"Najua ulikuwa umepinda. Nimepima ardhi miaka thelathini na mitano, unadhani siujui mstari uliopinda?"

Niliokota kitambaa cha polishi. Yeye akatazama chini.

"Ule aliubandika mama yenu," alisema. "Wa kiwandani niliuharibu mwenyewe kwenye nguzo ya geti. Nikaagiza mwingine, ulipokuja akasema ataubandika yeye. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya huyo huyo mke wako. Alipiga magoti kwenye kokoto saa nzima, anasogea kidogo kidogo, tumbo limemtangulia. Alipomaliza akainuka, jasho linamtoka, akaniuliza, 'Umenyooka?' Wewe ungemjibu nini?"

"Ningesema umenyooka."

"Nikasema umenyooka kama rula. Basi nimeishi na hiyo rula miaka thelathini na minane."

Alinieleza yote. Kila mahali aliegesha gari upande wa kulia ukitazama ukuta, na penye ukuta mmoja tu alizunguka mpaka aupate. Msimamizi wake wa ndoa aliwahi kusema kwamba mstari umelala, na hawajazungumza tangu siku hiyo. Maonyesho alikuwa akiyakwepa kila mwaka kwa homa ya uongo. Mwaka huu mkewe aliamua kuliandikisha gari bila kumuuliza, na kukwepa kukashindikana.

"Kesho kutwa atakuja uwanjani," alisema. "Akiuona huu, atajua ule ulikuwaje. Atajua nilimdanganya tangu mtoto hajazaliwa. Mimi na mama yenu hatudanganyani. Ni hicho kimoja tu."

Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi niliogopa, kwa sababu sikujua kama mzee yule alikuwa na machozi.

"Nitaurudisha, baba."

"Pale pale?"

"Pale pale," nilisema, nikijua fika kwamba mchoro sina, stika ya zamani iko jalalani, na alama yake nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikampigia mke wangu simu. Alicheka kwanza, akakata, akapiga tena ili aendelee kucheka. Jumamosi asubuhi alifika uani na penseli ya nta. Alifumba macho, akaweka kidole mlangoni, akatembea nacho hadi nyuma.

"Nilikuwa najipenyeza kati ya gari na ukuta, napitisha kidole hapa kila siku nikitoka shule," alisema. "Hapa unateremka. Hapa unapumzika. Hapa unajaribu tena, halafu unaacha." Akachora palepale kwenye rangi.

"Kumbe ulijua umepinda?"

"Mtaa mzima ulijua."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia baba alisema pale pale."

Watu wanadhani kupindisha ni rahisi. Jaribuni. Stika iliyokatwa kwa kunyooka haitaki kupinda, inaweka mikunjo kama soksi. Ya kwanza niliiharibu, ya pili ikajishika yenyewe kwa yenyewe. Ya tatu tuliibandika watu watatu: mke wangu na drai, mimi na maji ya sabuni na kipande changu cha plastiki cha kusukumia, baba mkwe ameshika ncha, amekunja suruali, anatoa amri.

"Teremsha. Teremsha tena. Wewe, unanyoosha."

"Mkono haukubali, baba."

"Ulazimishe. Fikiria una mimba."

Tulipomaliza, kazi ilikuwa mbaya kiasi kwamba nilishindwa kuitazama. Baba mkwe aliitazama kwa muda mrefu, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumapili nilivaa shati la kazi lenye jina la duka langu mgongoni, herufi kubwa. Nilikuwa nimepanga kuvuna wateja. Magari yalikuwa yamepangwa safu mbili uwanjani, mbali na kuta zote za shule, na mama mkwe alisimama upande wa kulia wa gari lake akiwa na gauni jipya na utepe wa kupimia shingoni, ambao hauvui hata misibani. Alipokuwa anawasili nilimwona akiutazama mstari mara moja tu, kisha akauliza kivuli kiko wapi. Nikajipa moyo.

Mkaguzi wa maonyesho alikuja na kofia na daftari. Kushoto aliandika haraka, anatabasamu. Kulia alisimama.

"Huu mstari umepinda," alisema.

"Haujapinda," alisema baba mkwe.

"Mzee, hebu simama hapa uone."

"Nimepima ardhi miaka thelathini na mitano. Haujapinda."

Watu wakaanza kusogea. Mkaguzi alisoma mgongo wangu, akanizunguka akaja mbele. "Fundi, hii kazi ni yako?"

Wanawake wawili wenye saluni, ambao dakika tano kabla waliniomba namba ya simu, walikuwa nyuma yake. Nilimtazama baba mkwe. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, anamtazama mkewe.

"Ni yangu," nilisema. "Na umenyooka."

Wale wanawake walirudisha simu zao mikobani. Mkaguzi aliandika kitu kirefu sana, akaenda gari la pili, na baba mkwe akamfuata nyuma akiendelea kubishana.

Ndipo mama mkwe aliponishika kiwiko na kunipeleka hadi gurudumu la nyuma. Alivua utepe shingoni. Akapima kutoka ukingo wa gurudumu hadi mstari, akapima tena.

"Wangu ulishuka vidole vitatu," alisema. "Huu umeshuka viwili na nusu. Hukuuiga vizuri."

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Mimi nashona sare. Nikikosea pindo, watoto mia mbili wanatembea upande." Alikunja utepe. "Nilijua nilipoinuka tu pale kwenye kokoto. Nilimuuliza ili nimsikie. Mtu ambaye siku ya pili ya ndoa alinirudisha mezani ninyooshe kitambaa. Aliutazama mstari, akanitazama mimi na tumbo langu, akasema umenyooka kama rula. Siku hiyo ndipo nilipompenda. Kabla ya hapo nilikuwa nimeolewa tu."

"Sasa mbona umeliandikisha gari?"

"Nilitaka nisikie kama atasema tena," alisema. "Mbele za watu." Akanitazama kwa jicho kali. "Na wewe hujui kitu. Akijua kwamba najua, atanyong'onyea."

"Sijui kitu, mama."

Akaenda kivulini, akaketi, akatoa kitambaa na kujifuta uso, na nadhani halikuwa jasho.

Baba mkwe alirudi akihema. Alinivuta pembeni, akaangalia huku na huku.

"Mama yenu alikuwa anapima nini? Amesema nini?"

Nilimtazama machoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Anasema umenyooka, baba."

"Kama rula?"

"Kama rula."

Alifumba macho kidogo. Kisha akaniwekea mkono begani, akanigeuza kwa mwenye gari la jirani, bwana mmoja aliyekuwa akifuta kioo na kusikiliza tangu mwanzo.

"Huyu ni mwanangu," alimwambia. "Ni fundi wa stika. Huu mstari ni kazi yake."

Yule bwana aliutazama mstari mpaka mwisho, akanitazama mimi, akanipa pole.