Maji ya Kijani kwa Mama Mkwe

Mtafiti wa maji ya chini ya ardhi hakuwa mwoga. Alikwisha kushuka kwa kamba kwenye mashimo ambayo popo wenyewe huingia kwa kusitasita, na mara moja alikaa nusu siku juu ya jiwe katikati ya mto akimngoja kiboko amalize shughuli zake. Kilichomshinda ni mama mkwe. Na tusimcheke haraka, maana mwanamume akimwogopa kiboko husemwa ana akili, na akimwogopa mama mkwe husemwa ana adabu. Hakuna anayemwita mwoga, na hapo ndipo taabu yote ilipoanzia.

Mtaa mzima ulimwita mama huyo Mama Kisima. Uani kwake kulikuwa na kisima alichochimba marehemu mumewe, chenye ukuta wa mawe na mfuniko wa bati, na maji yake yalikuwa baridi hata katika joto la kuyeyusha mshumaa. Bomba lilipoletwa mtaani alilikataa, akasema hawezi kunywa maji yaliyopita ndani ya chuma cha watu asiowajua. Majirani walilikubali, likawapa upepo mwingi na maji machache, kwa hiyo wakaendelea kuchota kwake bure. Bure kwa maana hawakutoa senti. Kila ndoo ililipiwa sifa, na Mama Kisima hakuwa anakopesha.

Mtafiti alipokwenda kujitambulisha kwake zamani zile, akimposa binti yake, mama alimuuliza anafanya kazi gani. Akaeleza kwa kirefu kwamba anayafuatilia maji yakishaingia ardhini ili ajue yanakwenda wapi. Mama Kisima akafikiri kidogo, akasema yanakwenda chini, mwanangu, hilo hata mimi nalijua. Wajomba wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Binti alimpata hata hivyo, lakini tangu siku ile alikuwa na hamu moja tu moyoni, kwamba siku moja mama yule aone kuwa kazi yake ni kazi. Kwa hiyo kila alipomtembelea, kabla hata hajakaa, aliomba maji ya kisima, akanywa, akashusha pumzi na kuyasifu.

Sasa, mlimani juu ya mji, nyuma ya machinjio, palikuwa na shimo. Damu, samadi na maosho ya matumbo vilisukumwa kwa mpira wa maji mpaka shimoni, ardhi ikavimeza, na mji ukasahau. Mtafiti hakusahau. Mlima ule ni wa mawe ya chokaa, na chokaa huliwa na maji kidogo kidogo hadi yatoboe njia za ndani kwa ndani, kwa hiyo kinachoingia juu lazima kitokee mahali. Yeye alisema kinatokea mjini, visimani mwa watu. Mkuu wa kituo cha utafiti alisema kinapotelea bonde la upande wa pili, ambako hakukaliwi na mtu na hivyo hakuna wa kulalamika. Mkuu alizipenda sana nadharia zisizo na walalamikaji.

Ubishi wa namna hii huamuliwa kwa rangi. Unamwaga shimoni rangi isiyo na madhara, halafu unangoja kuona maji ya nani yatageuka kijani. Rangi yenyewe ina vituko, kwani kwenye giza huioni kabisa, lakini jua likiyapiga maji hayo yanawaka kijani utadhani yana taa ndani. Na ili isipite bila kuonekana, unaning'iniza kwenye kila kisima na kila chemchemi kifuko cha mkaa, kwa sababu mkaa huinasa rangi hata ikiwa chembe. Mkuu akakubali zoezi lifanyike, ila akaweka sharti. Wiki ikiisha bila kijani kuonekana, utafiti unafungwa, shimo linabaki la machinjio, na mtafiti anahamishiwa kitengo cha mvua, kazi ya kuchungulia kopo kila asubuhi na kuandika sifuri.

Basi akazunguka mji mzima kuning'iniza vifuko. Hakuacha kisima hata kimoja, isipokuwa kimoja.

Si kwamba hakwenda. Alikwenda, kifuko kikiwa mfukoni. Akaomba maji, akayasifu, akaletewa chai, akauliza hali ya magoti ya mama na hali ya bata wake weupe. Kila alipofungua mdomo kueleza kilichomleta, maneno yaligoma. Unamwambiaje mama mkwe kwamba umekuja kupima kama maji anayoringia ni maosho ya matumbo ya ng'ombe? Akaaga, akarudi nyumbani kifuko kingali mfukoni. Njiani alijiambia kwamba kisima kimoja si kitu. Wasomi wakitaka kujidanganya hujidanganya kwa ustadi kuliko sisi wengine.

Rangi ikamwagwa. Siku zikapita na vifuko vikarudi vyeusi kama vilivyokwenda, mkaa mtupu. Kila asubuhi mkuu alipita mlangoni pa mtafiti na kuuliza kama kuna kijani, kwa uchangamfu wa mtu anayeuliza hali ya jirani mgonjwa anayemdai. Kopo la mvua likaanza kumjia mtafiti ndotoni.

Wiki ikiwa ukingoni, akaingia mtaalamu wa ndege, ambaye ofisini walimwita Manyoya. Alikuwa anahema, na simu mikononi kaishika kama mtu aliyebeba yai. Alisema ameona yangeyange wa kijani. Yangeyange, alieleza, tangu dunia iumbwe ni mweupe, na huyu ni kijani kifuani na miguuni, kwa hiyo sayansi imepata aina mpya ya ndege, na jina amekwisha kulifikiria. Mtafiti akaiangalia picha. Ndege alikuwa amesimama kwenye ukuta wa mawe, kando ya mfuniko wa bati, na nyuma yake mtandio uliokuwa mweupe ulianikwa kwenye kamba, nao ukiwa na rangi ya nyama ya parachichi. Alikijua kisima kile, akafurahi na kuogopa kwa mpigo mmoja.

Alikimbilia kwanza kwa mkewe, kama ilivyo desturi ya mashujaa. Akamsihi aende kwa mama yake achote chupa moja tu ya maji, kimyakimya. Mkewe alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Siku ya chai yake ni mama yetu," alisema. "Leo kuna habari mbaya, imekuwa ni mama yangu peke yangu?"

Akaenda mwenyewe, mchana wa jua kali. Akamkuta Mama Kisima sebuleni, mapazia yote yamefungwa, chumba kina giza la kutosha kulaza mtoto. Mama alisema kichwa kinamuuma, mwanga unamsumbua. Jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa, bata walikuwa wanapiga kelele. Mtafiti akauliza mbona bata wamefungiwa. Mama akajibu kwamba wana mafua.

Wakakaa. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, mtafiti hakuomba maji. Mama naye aliliona hilo, nalo likakaa kati yao kama mgeni wa tatu. Wakazungumza habari za magoti, wakazimaliza. Wakazungumza habari za jua, nazo zikaisha upesi, kwa kuwa hakuna kati yao aliyetaka kulikaribia. Mama Kisima alikuwa kwenye mtego wake mwenyewe. Mkwe akiondoka bila kupewa maji, ni sawa na yeye kukiri. Mwishowe akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha bati kilichojaa pomoni.

"Karibu maji, mwanangu," alisema. "Leo umenisahau."

Mtafiti akakipokea kwa mikono miwili. Ndani ya kikombe palikuwa giza tu. Akawaza kwamba funda moja haliui, na watu wamemeza makubwa kuliko hayo kwa ajili ya wakwe zao. Wakati huohuo mlango wa jikoni, uliokuwa umeegemezwa kigoda tu, ukasukumwa, na bata mmoja akaingia sebuleni kwa mwendo wa mwenye nyumba. Alikuwa kijani toka kifuani hadi mkiani. Nyuma yake ukaingia mwali mpana wa jua kutoka dirisha la jikoni, ukaangukia mikononi mwa mtafiti, na maji kikombeni yakawaka.

Wote wawili wakayatazama maji. Kisha wakamtazama bata.

"Mafua ya mwaka huu makali," alisema Mama Kisima taratibu.

Na hapa nataka nimsifu huyu mwanamume, maana nimemsema vya kutosha. Alikuwa na njia ya kutoka, mama mwenyewe ameshamfungulia mlango. Angecheka, angelowesha midomo, angeaga na heshima zake zote. Badala yake akakiweka kikombe chini.

"Mama, maji haya siyanywi," alisema. "Yametoka machinjioni."

Akaeleza yote, shimo, chokaa, rangi, haraka haraka ili asipate nafasi ya kuogopa. Akasema rangi haimdhuru mtu, kinachodhuru ni kile kilichotangulia kupita njia hiyohiyo miaka yote. Mama Kisima alisikiliza huku akimtazama bata, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka na kujinyoosha.

"Na wewe hili ulilijua lini?"

"Nililihisi kabla ya kumwaga rangi, Mama. Ile siku niliyokuja kukuuliza habari za magoti."

"Ukanyamaza."

"Nilikuheshimu."

"Heshima gani hiyo, mwanangu," alisema mama, bila kupandisha sauti, "ya kumwacha mama mkwe anywe maosho ya utumbo?"

 Mtafiti aliona aibu, na hii haikuwa ile haya ya ukweni inayomfanya mtu ainamishe macho na kula kidogo. Ilikuwa aibu kamili, ya kumchoma mtu masikio. Alitamani angekuwa juu ya lile jiwe, na kiboko.

Lakini Mama Kisima hakuwa malaika, na mwenyewe alilijua hilo. Akauvuta ule mtandio wa rangi ya parachichi kutoka chini ya kiti alikouficha, akaukunja na kuukunjua. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo mtafiti hajawahi kuisikia kwake, kwamba kijani amekiona siku mbili nyuma. Tangu hapo majirani anawafungulia alfajiri, jua halijatoka, akiwaambia maji ya mapema ndiyo matamu. Na kuna mama mmoja mtaa wa nyuma ana mtoto anayeharisha, haachi kuja na kindoo chake, na kila anapokuja hushukuru.

"Ananishukuru," alisema Mama Kisima, na machozi yakamtoka. "Sasa mimi na wewe nani zaidi?"

Mtafiti akasema hajui. Ulikuwa ukweli wa pili kumwambia siku hiyo, na ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Basi mama akajifuta uso, akasimama, akafungua mapazia yote. Akatoka uani, akachota ndoo nzima, akaibeba mwenyewe na magoti yake mpaka nje ya lango, akaitua juani katikati ya njia. Iliwaka pale hata mwendesha baiskeli akashuka. Mama Kisima akaita watu. Hakuzunguka, hakutafuta maneno. Akawaambia kisima chake kimeharibika, kwamba ameyaona maji yamebadilika akawaficha, na kuanzia saa ile hakuna wa kuchota. Akasema atakayetaka kujua sababu amuulize mkwe wake, ndiye mwenye kazi hiyo. Kisha akarudi akakishindilia mfuniko mawe manne, na mtafiti alimwona akilishika lile bati muda mrefu kabla ya kuliachia.

Watu hawakumzomea. La kuvunda halina ubani, ila mwenye kulitoa nje mwenyewe husamehewa nusu. Walimzunguka mtafiti badala yake, wakauliza, naye akajibu, akachora mlima mavumbini kwa kijiti, wakauliza tena. Miaka yote aliyosomea maji hakuwahi kupata darasa la namna ile. Mtoto mgonjwa na mama yake wakapelekwa zahanati papo hapo, na kesho yake habari ikaja kwamba mtoto anaendelea vizuri. Mkuu wa kituo alipoletewa chupa ya kijani aliitazama dirishani, akatangaza kwamba siku zote alishuku visima vya mjini. Machinjio yakaamriwa kuacha kumwaga taka shimoni. Manyoya peke yake ndiye aliyevaa uso wa msiba, na yangeyange wake, baada ya mvua mbili, akarudi kuwa mweupe kama wenzake.

Lakini siku ile mavumbini lilibaki swali moja, na mzee mmoja akaliuliza. Sasa tuchote wapi? Watu wakatazamana. Mama Kisima, aliyekuwa amekaa kizingitini kama mtu aliyevuliwa cheo, akainua kichwa. Akasema kwa mkwe wangu kuna bomba, liko huku mteremkoni chini ya mji, maji yanatoka kwa nguvu usiku na mchana, na mkwe wangu si mchoyo. 

Asubuhi ya pili yake aliamshwa na ndoo. Alipotoka, taulo begani na sabuni mkononi, alikuta uwanja wake umejaa watu, foleni imetoka nje ya lango, na pembeni ya bomba, juu ya kiti kizuri cha sebuleni kwake, amekaa Mama Kisima. Alikuwa anapanga nani kwanza na nani baadaye, na watu walikuwa wanayasifu maji. Bata walikuwa wamekuja naye. Mtafiti akasogea, akasalimia kwa adabu, akasema amekuja tu kuangalia kama kila kitu kiko sawa.

Mama mkwe akamtazama toka kwenye taulo hadi kwenye sabuni.

"Sema ukweli, mwanangu. Tumeshazoea."

Foleni nzima ikanyamaza ili isikie.

"Nataka kuoga, Mama."

"Haya," alisema Mama Kisima, akapisha mtu na ndoo. "Simama nyuma ya huyo mwenye shati jekundu."