Neno Wao

“Shahidi wako nani, Mai?”

Jirani yake, Mai Nasiwelo, alimuuliza Enelesi hivyo wakianika mahindi, bila hata kumtazama usoni. “Maana mke kumtolea mumewe ushahidi ni fisi kumsifu fisi.”

Enelesi alicheka kwa adabu, akamwachia Mungu. Lakini swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukuta wa shule ulikuwa umeshapakwa chokaa. Kabla ya Siku ya Mashujaa, mwezi wa tatu, yangeandikwa hapo majina ya wanaume waliopigwa risasi kwenye kinu cha kusaga unga mwaka ule wa hali ya hatari, askari wa wazungu walipokuja kusaka watu wa chama. Jina la marehemu mumewe, Lameck, ndilo lililovutwa huku na huku. Kwamba alikufa na wenzake hakuna aliyebisha. Ila watu walinong’ona: nani aliwaonyesha askari njia ya kinu? Kamati ikachoka, ikamtupia mwalimu wa historia, Bambo Chimkwita: wewe uliyesoma, amua.

Bambo Chimkwita akaona amepata somo la bure.

Siku ya somo hilo Enelesi alivaa sare ya Mvano, umoja wa akina mama kanisani, akasimamishwa mbele ya kidato cha tatu. Kiti hakupewa.

“Leo hatusomi kitabu,” mwalimu alisema. “Chanzo chetu cha historia kimekuja kwa miguu yake. Na chanzo hakionewi huruma. Tunakiuliza nini?”

“Nani anasema!”

“Aliona au alisikia!”

“Anapata nini!”

“Haya, huyu anapata nini?”

“Jina ukutani!” alisema mvulana wa nyuma. “Na kiti cha mbele karibu na mheshimiwa!”

“Na Fanta!”

Darasa likaangua kicheko. Enelesi naye akatabasamu, watoto ni watoto. Nusu yao, yeye ndiye aliyewafundisha sala ya Bwana, akiwapangusa makamasi.

“Agogo,” mwalimu alimwita, ule ubibi wa mdomoni tu, “tuambie ulichokiona. Kwa kifupi, kengele haisubiri mtu.”

Akasema maneno yake ya miaka yote, yale yale aliyomwambia mchungaji, yale yale aliyoiambia kamati. “Askari walikuja alfajiri mpaka mlangoni kwangu. Wakauliza wanaume wamejificha wapi. Basi wao wakatoka nje, wakawaonyesha njia ya kinu. Nikasikia bunduki. Nilipofika, wote walikuwa wamelala chini.”

“Vizuri. Hao ‘wao’ ni akina nani? Kamati imesema watu wasiojulikana.”

Enelesi uongo hakuwahi kusema. Kamati ndiyo iliyolichukua neno ikaondoka nalo, naye hakuikimbilia kulirudisha.

Mkono ukainuka. Alikuwa Tadala, yatima aliyemlea kwa nsima yake, ugali wa jikoni kwake, kabla mjomba wa binti hajaja kumchukua.

“Mwalimu, mimi nimelala kwake. Mumewe hamwiti ‘yeye’ hata siku moja. Ni ‘wao walipenda maharage’, ‘wao walikuwa na kikohozi’. Si hata mama zetu huwaita baba zetu hivyo? Kamati imehesabu kundi la watu, kumbe ni heshima tu.” Akamgeukia, kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani kumwomba chumvi. “Agogo, hao ni watu, au ni babu?”

Neno moja tu lingetosha. Angesema “watu”, angerudi nyumbani na jina la mumewe. Lakini mdomo wenyewe ulikuwa umetoka kula meza ya Bwana Jumapili.

“Ni babu,” alisema. “Lakini askari alinikita bunduki tumboni, na mimba nilikuwa nayo. Akasema, onyesha au nafyatua. Wao wakalia, wanangu. Niliwaona wakilia.”

Uso wa mwalimu uling’aa.

“Sikieni! Hilo la kwanza linamuumiza msemaji mwenyewe, na mtu hajichomi bure. Tunaliamini?”

“Tunaliamini!”

“Hili la bunduki linamfaa. Tena miaka yote hakulisema, amelitoa baada ya kubanwa. Tunaliamini?”

“Hatuliamini!”

“Kwa nini?”

“Lina upendeleo!”

“Bambo mwalimu,” Enelesi alisema taratibu, “mdomo ni mmoja. Nusu mnaimeza, nusu mnaitema?”

“Ndiyo kazi yenyewe, Agogo.” Akalikata kwa mstari jina la Lameck alilokuwa ameliandika ubaoni. “Tadala, simama upigiwe makofi. Mtihani ndivyo unavyotaka.”

Makofi yakalia. Tadala akasimama, akakaa.

“Swali la mwisho kwa chanzo?”

“Hiyo mimba iko wapi?” aliuliza yule wa nyuma. “Atuletee, tuthibitishe.”

Walicheka mpaka madawati yakagongana. Enelesi hakumtazama mvulana. Alimtazama Tadala, maana nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi dogo, la urefu wa mkono, na aliyekuwa akilipalilia kila kiangazi ni Tadala huyo huyo. Akamngoja. Mwalimu naye, alipoona macho yale, akamngoja.

Tadala aliinamia daftari, akaendelea kunakili yaliyo ubaoni.

Enelesi akakaza chitenje chake kiunoni, akapita katikati ya madawati, akatoka.